Mafungu 96 ya Kitu Gani?

Mhadhara uliotolewa baada ya Swala ya Alasiri mbele ya wazazi na vijana waliomaliza kidato cha sita, Segese, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mmiliki wa vilivyomo mbinguni na ardhini na vilivyofichika chini ya ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), watu wa nyumba yake, Swahaba zake na wote waliofuata mwendo wao.



Nimeombwa nizungumze na wazazi wenye vijana wanaosubiri kwenda vyuoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya jumla kuhusu umuhimu wa elimu, maneno ambayo mmeshayasikia na ambayo hata mimi nimechoka kuyasema. Lakini wiki iliyopita kilifanyika kikao cha ukoo nyumbani kwetu, na yaliyotokea katika kikao kile yamenifanya niyaweke pembeni maandishi yangu ya mwanzo. Kwa hiyo leo nitazungumzia kozi moja tu ya chuo kikuu, na kwa nini nimeona niitetee mbele yenu hapa Segese.

Mwaka 2011 alifariki kaka yangu mkubwa, Allah amrehemu. Alikuwa mchimbaji tangu ujana wake. Wengi mlio hapa mnaijua safari ya namna hiyo: leo duara limetema, kesho limejaa maji, leo ana karasha mbili, kesho anakopa mafuta ya kuendeshea moja. Aliacha mama yetu mzazi, mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Baada ya maziko tukamwita sheikh atugawie mirathi, naye akafanya kazi yake kwa ufasaha mkubwa. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, ana thumuni. Mama ana sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mafungu mawili na kila wa kike fungu moja. Sheikh akafanya hesabu papo hapo juu ya mkeka: mali yote iwe mafungu 96, mama achukue 16, mke 12, kijana 34, na kila binti 17. Jumlisheni wenyewe mtaona hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Hiyo ndiyo elimu ya faraidh, na yafaa tumshukuru Allah kwa ajili yake.

Kisha sheikh akauliza swali moja: haya mafungu 96 ni ya kitu gani?

Hapo ndipo tulipotazamana. Kulikuwa na kiwanja ambacho hati yake ilikuwa ni karatasi ya kuuziana iliyosainiwa na shahidi mmoja, naye alikuwa ameshafariki. Kulikuwa na karasha aliyonunua kwa kuchangia na mtu mwingine, na yule mwenziwe akasema marehemu alikwisha kuuziwa fungu lake nyuma. Kulikuwa na duara, lakini mwenye leseni akatamka mbele ya watu kwamba hamtambui marehemu kama mwenye duara, bali kama kibarua aliyekuwa akimlipa. Walikuja watu saba wakidai madeni, na mmoja wao tu ndiye aliyekuwa na maandishi. Sisi nasi tulijua kwamba marehemu alikuwa akiwadai watu, lakini hakuna aliyejitokeza. Na sote tunajua kwamba katika Surat An-Nisaa Allah ameweka mgawanyo wa mirathi baada ya kutimizwa wasia na kulipwa deni. Sasa deni usilolijua utalilipaje? Na usipolijua, utagawaje?

Nami nina fungu langu la aibu katika habari hii, na sioni sababu ya kulificha. Kaka yangu alinikabidhi fedha nimtunzie, mara tatu kwa nyakati tofauti. Mara ya kwanza nilimnunulia mifuko ya saruji, mara ya pili nikamlipia ada ya mtoto, na ya tatu nikaitumia nusu kwa shida yangu kwa idhini yake. Alipofariki sikuweza kusema kwa yakini imebaki kiasi gani, kwa kuwa sikuandika hata mstari mmoja. Nikakadiria, nikazidisha kidogo ili kuwa salama mbele ya Allah, nikatoa. Lakini makadirio siyo hesabu, na mpaka leo sijui kama niliwadhulumu mayatima wale au nilijidhulumu nafsi yangu.

Mmoja wa mabinti wale alikuwa na miaka 5 wakati ule. Sasa amemaliza kidato cha sita, amefaulu, na akatuletea ukoo ombi lake: anataka kusoma shahada ya kwanza katika usimamizi wa mali. Wazee wakacheka. Shemeji yetu mmoja akasema, tena kwa mzaha usio na ubaya, "Binti yangu, mali ipi hiyo utakayoisimamia? Baba yako aliacha ndoo mbili na koleo." Binti hakukasirika. Akajibu kwa adabu, "Baba zangu, hiyo ndiyo sababu ninayotaka kuisoma."

Ndugu zangu, jibu lile limenikosesha usingizi.

Hebu kwanza tuielewe kozi yenyewe, maana wengi tunaisikia kwa jina tu tukadhani ni elimu ya kuwahesabia matajiri fedha zao. Usimamizi wa mali, kama unavyofundishwa katika vyuo vinavyoutoa, ni mkusanyiko wa elimu kadhaa zilizofungwa pamoja. Mwanafunzi hujifunza uhasibu, yaani namna ya kuandika kilichoingia, kilichotoka, unachodaiwa na unachodai. Hujifunza thamani ya fedha kwa kuzingatia wakati: kwa nini shilingi ya leo si sawa na shilingi ya miaka kumi ijayo. Hujifunza aina za uwekezaji, kama vile hisa za makampuni, hatifungani, vipande vya mifuko ya pamoja, majengo na ardhi, na namna ya kupima hatari ya kila kimoja. Hujifunza kodi, bima, pensheni, sheria ya mikataba na ya udhamini. Na katika nchi nyingi, somo moja kubwa katika shahada hiyo ni upangaji wa mirathi: mtu anayemiliki mali afanye nini akiwa hai ili akifa warithi wake wasipigane. Mwisho hujifunza kukaa na mtu, kumsikiliza, kumuuliza ana watoto wangapi, ana madeni gani, anaogopa nini, kisha kumwandikia mpango wake.

Sasa niambieni, katika hayo ni lipi ambalo Segese hatulihitaji? Mji huu na vijiji vyake, Kakola, Bugarama mpaka Geita, umeshikwa fedha na mikono mingi kwa miaka mingi. Dhahabu ya Bulyanhulu ilianza kuchimbwa na wachimbaji wadogo tangu miaka ya sabini, na mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2001. Tangu 2019, kulipofunguliwa soko la madini la Geita na kufuatiwa na masoko mengine, na Serikali ikawaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, mchimbaji anaweza kuuza dhahabu yake waziwazi na kupewa stakabadhi. Lakini nendeni mkamwulize mchimbaji aliyeuza mwezi uliopita, stakabadhi ile iko wapi? Atakuambia aliitumia kuwashia moto. Ile ilikuwa kurasa ya kwanza ya daftari lake la mali, naye hakuijua.

Na hebu tuangalie jambo la ajabu. Sisi tunaichimba dhahabu na kuiuza yote mpaka punje ya mwisho, kisha tunanunua pikipiki. Benki Kuu ya Tanzania katika miaka ya karibuni imekuwa ikiinunua dhahabu hiyo hiyo ya ndani na kuiweka kuwa akiba ya taifa. Waliosoma wanaiweka, tulioitoa ardhini hatubakiwi na hata gramu moja. Sisemi kila mtu aende kufukia dhahabu chini ya kitanda, na isitoshe ikifikia nisabu ya gramu 85 na kupitiwa na mwaka ina zaka yake ya asilimia 2.5. Nasema tu kwamba wao walikaa wakafikiri.

Wala tusidhani kwamba wazee wetu hawakuwa na elimu hii. Msukuma wa zamani mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na rafiki katika vijiji vya mbali. Huyu anakamua maziwa na kupata mbolea, na mwenye ng'ombe ana uhakika kwamba maradhi au ukame ukipiga huku, kule watasalimika. Wataalamu wa vyuo vikuu wanalifundisha jambo hilo hilo kwa hesabu ndefu na kuliita kutawanya hatari. Tofauti ni kwamba mzee yule alijua kichwani ng'ombe gani yuko kwa nani, na watoto wake walijua, na kijiji kilijua. Sisi wa fedha za machimbo tumeacha kujua kwa kichwa kabla hatujajifunza kujua kwa kalamu.

Vivyo hivyo mgawanyo wa machimboni. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye shamba ana lake, mwenye duara aliyegharimia magogo na chakula ana lake, na wachimbaji wana lao. Mafungu yanatofautiana kutoka machimbo mpaka machimbo. Huo ni ubia, na fiqhi yetu ina mlango mzima wa ubia: nani anatoa mtaji, nani anatoa kazi, faida inagawanywaje na hasara inambeba nani. Lakini ubia wetu uko mdomoni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, imekuja kutuamuru tuandike madeni, madogo na makubwa, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Allah hakuirefusha aya ile bure. Kama marehemu kaka yangu na yule mwenye leseni wangekuwa na karatasi moja, mayatima wale wangekuwa na fungu lao la duara.

Zipo hoja zilizotolewa dhidi ya binti katika kikao kile, nami sitaki kuzipuuza kwa sababu baadhi yake ni za kweli.

Hoja ya kwanza ni riba. Mzee mmoja alisema, "Mnampeleka mtoto akasome riba miaka mitatu." Hofu hii ina msingi. Mtume (SAW) amemjumuisha katika laana mwenye kuila riba, mwenye kuilipa, mwenye kuiandika na mashahidi wake. Mhasibu wa riba basi hawezi kujificha nyuma ya mshahara wake. Lakini tutenganishe kujua na kutenda. Daktari anasoma sumu, na kadhi anasoma ulevi na wizi ili aweze kuhukumu. Mwanafunzi akifundishwa namna benki inavyokokotoa riba, atakuwa wa kwanza kuitambua ilipofichwa katika mkataba ambao mimi na wewe tungeutia dole gumba. Tusisahau kwamba mkopo wa "marudio" tunaochukua kwa mabroka hapa, wa kupewa fedha leo na kuuza mchanga wetu kwa bei aliyoipanga yeye, hakuna aliyesoma chuo kikuu aliyeuandika, nao unanukia riba kuliko vitabu vingi.

Ama kuhusu kazi baada ya masomo, hali ya leo si ile ya miaka ishirini iliyopita. Wakati ule kijana wa Kiislamu aliyesoma fedha alikuwa hana pa kwenda ila benki za kawaida. Benki ya KCB ilifungua huduma za Kiislamu nchini mwaka 2008, NBC ikafuata 2010, na mwaka 2011 ikafunguliwa Amana Bank, benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Sharia. Benki ya Watu wa Zanzibar ina kitengo chake, na CRDB ilianzisha huduma ya Al Barakah mwaka 2021. Mwaka 2022 hatifungani ya Kiislamu, yaani sukuk, ya KCB ilitolewa kwa wawekezaji, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo ikazindua sukuk yake mwaka 2025. Taasisi zote hizi zinahitaji watu waliosoma pande zote mbili. Si kila kitu kinachobandikwa jina la Kiislamu kimesalimika, na hiyo ni sababu nyingine ya kutaka vijana wetu wawemo ndani wakiangalia.

Hoja ya pili ni kwamba hii ni elimu ya nchi za matajiri. Hapa nataka niwapeleke Malaysia kidogo, kwa sababu habari yao inafanana na yetu. Waislamu wengi wa vijijini kule, wakulima na wavuvi, walikuwa wakiweka akiba ya Hija ndani ya nyumba, chini ya godoro au katika kibuyu, na wasipofikisha waliuza mashamba na mifugo. Walikwenda Makka na kurudi mahujaji mafukara. Hawakutaka kuweka fedha benki kwa kuchelea riba. Mwaka 1959 mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Malaya, Ungku Aziz, akaandika pendekezo la kuundwa mfuko utakaopokea akiba hizo, kuziwekeza katika biashara halali na kuwagawia wenyewe faida. Mfuko ukaanza kazi mwaka 1963, na leo unajulikana kwa jina la Tabung Haji, ukiwa na mamilioni ya watu walioweka akiba humo. Mtu mmoja aliyesoma uchumi alikaa akautazama umasikini wa watu wake, akaona kwamba sababu yake mojawapo ni mahali wanapoweka fedha. Nami nisiwafiche upande wa pili: mwaka 2018 ilibainika kwamba madeni ya mfuko huo yamezidi mali zake, ikabidi serikali iuokoe. Kwa hiyo elimu peke yake haitoshi bila uaminifu, na mtu wa kuusoma mwenendo wa hesabu na kupiga kelele mapema anahitajika hata katika mfuko wa mahujaji.

Na karibu zaidi, Zanzibar wana Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo mizizi yake inarudi mwanzoni mwa karne ya 20, inayosimamia nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu na kusaidia ugawaji wa mirathi. Sisi wa Bara tuna nini? Tuna Mahakama ya Mwanzo, ambako msimamizi wa mirathi akishateuliwa anatakiwa ndani ya miezi 4 awasilishe orodha ya mali na madeni ya marehemu. Tuna RITA, wakala wa Serikali anayesajili udhamini wa misikiti yetu na ambako mtu anaweza kuhifadhi wasia wake. Milango ipo. Nimewauliza maimamu watatu wa eneo hili kama wamepata kumpeleka mtu yeyote kuhifadhi wasia, na wote watatu walitabasamu.

Hoja ya tatu niliipenda, kwa sababu ilitoka kwa binamu yetu mwenye akili ya biashara. Alisema, "Ataajiriwa kuuza bima na vipande vya mifuko, atapewa kamisheni, atamdanganya mpaka bibi yake." Kweli, ubaya huo upo. Uingereza ilibidi ifike mwisho wa mwaka 2012 kwa sheria kuwakataza washauri wa uwekezaji kulipwa kamisheni na kampuni ambazo bidhaa zake wanamshauri mteja anunue, kwa kuwa ilionekana mshauri anaangalia mfuko wake kwanza. Wakati huo huo wakawataka washauri wote wawe na kiwango maalumu cha cheti cha taaluma, kiwango ambacho kiko chini ya shahada kamili. Nayataja haya mawili ili mzazi aelewe: shahada si leseni. Hapa kwetu anayetaka kuwa mshauri wa uwekezaji kwa ujira hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na anayetaka kuwa mhasibu kamili hufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Yeyote anayewaahidi watu faida bila leseni hiyo, awe amevaa kanzu au tai, mkimbieni. Mnakumbuka DECI mwaka 2009, namna watu walivyoambiwa wapande na watavuna, mpaka Serikali ilipoifunga na maelfu wakabaki wanalia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fedha, akikaa na karatasi nusu saa, angewaonyesha kwamba mvuno wa mtu wa jana ulikuwa ni mbegu ya mtu wa leo na hapakuwa na shamba.

Sasa nije kwa wazazi na vijana wenyewe, niseme nilivyomshauri binti yetu. Nilimwambia asifuate jina. Katika vyuo vyetu vya ndani shahada yenye jina la usimamizi wa mali si jambo la kawaida. Yaliyomo ndani yake yametawanyika katika shahada za fedha na benki, uhasibu, bima na usimamizi wa majanga, na usimamizi wa kodi. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoanzishwa mwaka 1972 pale Dar es Salaam, kina shahada hizo. Kuna Taasisi ya Uhasibu Arusha, kuna Mzumbe, na kuna Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichofunguliwa mwaka 2005, ambako mwanafunzi yuko karibu na walimu wa fiqhi. Aliyesoma hesabu na uchumi kidato cha tano na sita yuko mahali pazuri. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni alama mbili za kufaulu kikamilifu zenye jumla ya pointi 4, lakini vyuo vingi na kozi nyingi hutaka zaidi, kwa hiyo asome mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka husika mstari kwa mstari, si kusimuliwa na rafiki. Achukue shahada pana yenye uhasibu mzito ndani yake. Usimamizi wa mali ataujenga juu ya msingi huo, na ubingwa aufanye baadaye. Anayeanza na ubingwa kabla ya msingi anakuwa kama aliyechimba duara bila kuweka magogo.

Wale wanaotishwa na ada, ombeni mkopo wa Bodi ya Mikopo. Najua wapo wazee waliowakataza watoto wao kwa sababu ya ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na walikuwa na haki ya kuhoji. Tozo ile ilifutwa mwaka 2021. Kilichobaki ni deni la kulipwa, ambalo kwa mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Deni ni deni. Liandikwe na lilipwe.

Na kuhusu mtoto wa kike kusomea mali, nitasema neno moja tu, kwani muda unakwenda. Bibi Khadija (RA) alimiliki mali, akaajiri watu wa kumfanyia biashara, na alijua kupima nani mwaminifu kati yao. Anayeona haya kumsomesha binti fedha amtafutie hoja nyingine.

Nabii Yusuf (AS), alipotoka gerezani na kuona njaa inayoikabili Misri, aliomba akabidhiwe hazina za nchi, na sababu alizozitoa ni mbili: kwamba yeye ni mhifadhi na kwamba ana elimu. Hakutaja nasaba yake wala unabii wake. Na Surat An-Nisaa imetukataza kuwakabidhi mali wasio na busara ya kuitumia, kisha ikatuamuru kuwajaribu mayatima kabla ya kuwarudishia mali zao. Kuwajaribu! Tunawajaribu kwa nini, ikiwa hatuna hata daftari la kuwafundishia?

Nimwambie basi ndugu aliyeuliza, mali ipi ataisimamia. Ataisimamia ya kwako, shemeji yangu. Una duara moja, una ng'ombe kumi na wanne kwa watu watatu, una nyumba ya kupangisha Kahama yenye wapangaji wasiolipa, na una wake wawili na watoto tisa. Nikikuuliza leo nani anakudai na unamdai nani, utakuna kichwa. Wewe ni mteja wa kwanza wa taaluma hii, ila hujamwona aliyeisomea.

Kikao cha ukoo kilimalizika hivi. Tumekubaliana binti aombe vyuo vitatu, cha kwanza kikiwa Morogoro. Mimi nitalipa nauli na mahitaji ya mwaka wa kwanza, na hilo nimeliandika mbele ya mashahidi wawili, kwa kuwa ninalihesabu kuwa sehemu ya ile fedha ya baba yake ambayo sikuiandika. Naye ametupa sharti lake: kabla hajaondoka, kila baba wa ukoo akae naye jioni moja na amtajie kila anachomiliki, kila anachodaiwa na kila anachodai, naye aandike nakala mbili, moja ibaki kwa mwenyewe na moja iwekwe katika sanduku la chuma la msikiti huu, imefungwa. Mpaka jana jioni alikuwa amemaliza wazee wanne. Wa tano alikuwa shemeji yetu, na walikesha mpaka saa sita za usiku, kwa sababu walipofika kwenye ng'ombe ilibidi apigiwe simu mtu wa kijiji cha tatu, naye akasema ng'ombe anaowatunza ni watano, si wanne.

Daftari liko wazi baada ya Swala ya Isha kwa yeyote mwingine anayetaka kuandikiwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.